Ni Nani Aliyeigusa Kadi Yangu

Jumatano, 5 Novemba 2025

Diani. Nimefika. Kadi ipo.

Kwenye treni nimeipapasa mara nyingi hata mama aliyekaa mbele yangu akaniuliza kama nina maumivu ya kifua. Nimeishonea mfuko wake ndani ya gauni, karibu na kwapa, na kadi yenyewe nimeifunga kwa foili ile ya kufunikia keki. Msichana wa benki kule Nakuru alicheka nilipomwambia. Acheke! Nimeshona sare za watoto wa watu mpaka vidole vikaota sugu ndipo benki ikaniamini na kunipa kadi ya mkopo. Harusi ya Twaiba yote imo humo. Chakula, kitanda, vyombo, zawadi za somo wake, yule wa kumfunda. Kadi hii ikichezewa, mwanangu ataolewa Ijumaa ya wiki ijayo bila hata sufuria, na kijiji kizima cha Munje kitapata la kuzungumza hadi Ramadhani.

Maagizo ya benki nimeyashika yote. Usiiache kadi iende usikoiona. Ziba kwa mkono unapobonyeza nambari ya siri. Usitoe pesa kwenye mashine zilizojificha. Waarifu benki kabla ya safari. Hilo la mwisho nimelifanya mle mle kwenye treni. Nimeingia ukurasa wao wa mtandaoni, chini ya tangazo lao la mikopo, nikaandika: mimi ni Hasina wa tawi la Nakuru, nakwenda Diani kwa harusi ya binti yangu, tafadhali ilindeni kadi yangu, simu yangu ni hii. Nikaweka na nambari. Watu wakabonyeza vidole gumba. Benki yenyewe haijajibu, lakini moyo umetulia.

Ulitulia mpaka kaunta ya hoteli.

Hoteli ni ya kazini kwake Luqman, mchumba wa Twaiba. Yeye ndiye hupokea malipo. Ameniombea chumba kwa bei ya wafanyakazi, eti nipumzike siku chache kabla ya kwenda Munje kwa kaka yangu Salimu, ambako Twaiba anaishi na kufundisha chekechea. Vizuri. Lakini kwa nini? Nimemwona mara moja tu maishani, siku ya posa, na siku ile pia sikumwelewa.

"Karibu mama, pole na safari," akasema. Kwa adabu sana. Nikaitoa kadi, nikaifungua foili. Akaichukua kwa mikono miwili – halafu huyo, akaenda nayo chumba cha nyuma! Mtandao haukamati hapa mbele, alisema, nakuja sasa hivi. Nikabaki nimeshika foili tupu kama mjinga. Pazia limefungwa. Nasikia mashine inalia tii, tii. Kwa nini mara mbili?

Aliporudi akanipa kadi na risiti huku anaangalia sakafu. Haniangalii machoni. Hata mara moja.


Alhamisi, 6 Novemba

Nimelala vibaya. Kiti nimekiegemeza mlangoni. Kadi chini ya mto, mto chini yangu.

Asubuhi mahamri yao si mabaya, ila mbaazi hazina nazi ya kutosha, wanapikia wazungu. Mhudumu alinizungukazunguka na birika. Nikamwambia chai yatosha mwanangu, nenda. Mfuko wa mkononi niliufunga mguuni kwa mkanda wake.

Halafu – afadhali! – benki wamepiga.

Na wamepiga kistaarabu! "Assalaam aleikum warahmatullah. Shikamoo mama." Nikasema marahaba mwanangu. Akauliza nimeamkaje, safari ilikuwaje, wa nyumbani wote hawajambo, matayarisho ya harusi yamefika wapi. Hapana haraka. Kiswahili cha kwetu hasa, kila neno limekaa mahali pake, hata nikajua mama yake alimlea. Jina lake Swabir. Yuko idara ya kuwalinda wasafiri. Amesema waliuona ujumbe wangu kule kwenye ukurasa wao. Si nilisema! Wanasoma!

Anataka kuniwekea kinga ya safari. Nimsomee zile tarakimu za mbele, na tarehe, na zile tatu za nyuma. Nikasita. Nikamwambia wazi: nambari yangu ya siri sikupi. Na yeye akashtuka: "Usinipe, mama! Wala usimpe mtu yeyote yule. Hiyo ni yako na Mungu wako." Hapo nikamwamini kabisa. Mwizi gani akukataze kumpa?

Ikaingia nambari nyingine kwenye simu, ya kutumika mara moja tu. Ujumbe unasema usimpe mtu. Nikamsomea na hayo maneno pia, maana mimi si wa kudanganywa. Akacheka kidogo, kicheko cha heshima. Ni kweli mama, usimpe mtu yeyote isipokuwa sisi tulioituma. Haya. Aliyeituma ndiye mwenyewe. Nikamsomea.

Akaniambia kwa siku hizi nitaona ujumbe wa malipo mawili matatu, nisijali, ni majaribio ya kinga. Mwisho akamwombea Twaiba dua, ndoa yenye kheri na vizazi vyema. Machozi yalinilenga. Vijana wa namna hii bado wapo. Nimeihifadhi nambari yake: Mwanangu wa Benki.


Ijumaa, 7 Novemba

Wezi wameanza kunitafuta. Nilijua!

Nimetoka kuoga, simu inalia. Mwanamke. "Hallo? Hasina?" Hasina! Kavu namna hiyo, na mimi pengine namzidi umri mama yake. "Naongea na Hasina? Mimi ni Jemima, natoka bank, card services. Kuna malipo zinafanyika na kadi yako, nataka tu ku-confirm kama ni wewe." Hapana salamu, hapana umeamkaje. Sauti ya bara moja kwa moja, na nyuma yake kelele za watu wengine wanaopiga simu, kama soko. Genge zima hilo!

Nikamwuliza: mwanangu, huko kwenu hamwamkii watu? Akasema, "Sorry madam, ni vile niko na kesi nyingi." Nikakata. Akapiga tena. Nikakata. Mara ya tatu nikamwambia kadi yangu ina kinga ya Swabir, mtafute mjinga mwingine, kisha nikaifunga nambari yake isipite tena.

Nina furaha na nafsi yangu leo. Wengine wangebabaika.

Ujumbe wa majaribio ya kinga umekuja mmoja. Duka la simu. Sawa.

Baada ya swala ya Ijumaa Luqman amekuja na halwa, kopo la bati, eti mama yake ameniletea salamu. Nani alimwambia napenda halwa? Aliweka kopo mezani, akarudi nyuma hatua kadhaa, akasimama mikono imefungwa mbele, macho chini. Nikamwuliza makusudi: Luqman, ile mashine yenu ililia mara mbili kwa nini? Akasema mara ya kwanza mtandao ulikatika, mama. Anajibu haraka. Mtu asiye na la kuficha hufikiri kwanza.

Halwa nimeila, ni nzuri. Lakini hilo ni jambo jingine.


Jumamosi, 8 Novemba

Niandike polepole.

Ujumbe umeingia tangu asubuhi, mmoja juu ya mwingine. Duka la simu tena. Tiketi ya ndege ya nani sijui. Televisheni. Majaribio gani haya ya televisheni? Nikampigia Swabir. Alipokea mara moja, shikamoo mama. Nikamwambia. Akasema kwa huzuni ya kweli kweli: mama, hizi si zetu. Kuna mtu ameinakili kadi yako.

Nilikaa chini kwenye vigae vya bafu.

Akaniuliza taratibu: tangu utoke nyumbani, kuna mtu aliyeishika kadi ukawa huioni? Sikufikiri hata. Luqman! Pazia! Tii, tii! Nikamwambia yote, hata jina na hoteli, na kwamba ndiye anayemwoa binti yangu. Akasema subhanallah. Akasema ndivyo inavyokuwa, mama, huwa ni wa karibu. Nisimwambie mtu kwanza. Wala nisipige tawini, huko nako wamo wabaya. Yeye mwenyewe atazirudisha, ila zitaingia nambari nyingine nimsomee. Nimemsomea mbili.

Mkwe wangu mwizi. Anamtaka Twaiba au anaitaka kadi? Tangu lini kijana akamhangaikia mama mkwe chumba cha hoteli? Alikuwa ananivuta kwenye mashine yake. Kila kitu sasa kinaonekana.

Nakwenda Munje kesho. Sikai tena chini ya paa hili.


Jumapili, 9 Novemba

Munje kwa Salimu. Nilisema nitanyamaza. Sikuweza. Hata sijavua viatu nimeshayasema.

Salimu alikuwa anachambua korosho barazani. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza una ushahidi gani, dada? Nikamwambia pazia, na mashine iliyolia mara mbili, na halwa, na kwamba haniangalii machoni. Kaka yangu akaziweka korosho chini.

"Dada, mkwe akikukodolea macho wewe, huyo ndiye wa kufukuzwa. Mimi mpaka leo sijamtazama mama mkwe wangu usoni, na watoto nimezaa naye – na binti yake, namaanisha – wamekuwa watu wazima. Umekaa bara hata hili umelisahau?"

Sikulisahau. Lakini heshima na hatia zinavaa kanzu moja, nani atanionyesha ipi ni ipi? Salimu ni mtu mwema mno. Aliwahi kuuziwa ng'ombe kipofu.

Twaiba alikuwa jikoni. Kasikia yote. Alitoka na unga mikononi, akasema, "Mama, Luqman hawezi." Hivyo tu. Nikamwambia wewe ni mtoto, hujui watu. Akasema namjua huyu. Akarudi ndani, na baadaye nikasikia analia. Nami nimelia, lakini kimya kimya. Namwonea huruma. Bora alie sasa kuliko alie akiwa ndani ya nyumba ya mwizi.


Jumatatu, 10 Novemba

Nimekwenda hotelini mwenyewe. Msimamizi anaitwa Samuel, mtu wa bara, anatafuna kalamu. Nikamweleza. Akaniuliza, "Madam, uko sure?" Nikasema benki yenyewe imeniambia ni aliyeshika kadi. Akamwita Luqman hapo hapo, mbele yangu na mbele ya wageni waliokuwa wanangoja funguo.

Luqman akasikiliza. Uso wake ulififia. Akasema, "Mama, sikuchukua chochote. Wallahi sikuchukua." Kwa sauti ya chini, na macho yapo palepale sakafuni. Samuel akasema basi itabidi akae nyumbani kwanza, uchunguzi ufanyike, na kama ni kweli ni polisi. Kijana akajitoa kibandiko cha jina kifuani, akakiweka kaunta, akapita mlangoni. Msichana mmoja wa usafi alinitazama vibaya sana. Labda walikuwa wanagawana!

Nilitegemea nitajisikia mwepesi. Sikujisikia mwepesi.

Mjini Ukunda nikaingia duka la vyombo. Nimeshachagua sufuria, sinia, birika, thermos za chai, kila kitu kimefungwa kamba. Kadi ikakataa. Mwenye duka akaipitisha tena. Imekataa. Watu wamepanga foleni nyuma yangu wanakohoa. Nikaviacha vyote pale juu ya meza, nikatoka nimeinamisha kichwa. Ameimaliza! Kadi nzima ameinyonya!

Nimempigia Mwanangu wa Benki. Hapatikani.


Jumanne, 11 Novemba

Mvua. Twaiba hasemi nami. Ananipa chai kwa mikono miwili, shikamoo mama, basi.

Swabir bado hapatikani. Lazima yuko mbioni na suala langu.


Jumatano, 12 Novemba

Wamekuja watu wa Luqman: baba yake mdogo, mama yake, na yeye mwenyewe nyuma yao. Wamekaa ukumbini kwa Salimu. Mama yake hakuigusa chai. Ni mwanamke mfupi, mikono yake inanuka iliki, hiyo halwa aliisonga yeye mwenyewe. Akasema, "Dada Hasina, mwanangu ametolewa kazini, na kwetu Msambweni nzima wanamwita mwizi wa kadi. Kama ameiba, tuonyesheni. Kama hakuiba, tumsafisheni vipi?"

Mimi nikajibu. Nikasema: basi isomwe Halbadiri.

Salimu alinivuta mpaka uani, ananong'ona kwa hasira: umepatwa na nini? Halbadiri ni kisomo cha kumwapiza mtu, si dawa ya kikohozi! Kikisomwa kwa dhana, na mtu yule hana hatia, humgeukia aliyekisomesha. Umesahau mzee yule wa Bodo aliyemsomea jirani yake kwa ajili ya nyavu, na nyavu zikaonekana darini kwake mwenyewe? Alikufa hajui jina lake. Nikamwambia mimi ndiye niliyeibiwa. Niogope nini?

Lakini niliogopa kidogo. Niandike ukweli humu angalau.

Tuliporudi, Luqman alikuwa amesimama. Akasema na Salimu, si na mimi: "Mjomba, mwambie mama, isomwe. Nitakaa hapo hapo mbele ya chetezo cha udi. Na ikisha, kama nimesalimika, naomba jina langu tu. Harusi ataamua yeye na Twaiba." Twaiba alikuwa mlangoni, kashika nguzo.

Ni kesho baada ya alasiri. Maalim Issa ndiye atakayesoma. Alikuja magharibi kutueleza masharti. Ni mzee mpole, anapenda kukohoa kabla ya jambo zito. Akakohoa. Akasema kisomo hakichagui uso: kinamwendea aliyefanya, na aliyemfungulia mlango, na anayejua akanyamaza. Akatuuliza tumeelewa? Tukasema tumeelewa. Mimi ndiye niliyesema kwa nguvu.


Alhamisi, 13 Novemba

Mbuzi amechinjwa. Mikeka imetandikwa uani. Nimeingia chumbani kuvaa, na nimekaa kitandani na kalamu.

Simu ililia nilipokuwa nafunga leso. Nambari ngeni. Nikaidaka, nikijua ni Swabir.

"Shikamoo mama." Mwanamke. Ile shikamoo imetoka imepinda, mtu ameifanyia mazoezi, lakini imetoka. "Ni Jemima tena, wa benki. Tafadhali mama, usikate simu. Nimetumia laini ingine juu ile yangu umeifunga." Sijui kwa nini sikukata. Labda nimechoka. Labda ni ile shikamoo.

Akanisomea. Duka la simu, tiketi, televisheni, na mengine nisiyoyajua. Nikasema hayo yote ni ya Luqman, amenakili kadi yangu hotelini. Akauliza hoteli gani. Nikamtajia. Nikasikia anabonyeza. "Hapo uko na malipo moja tu mama, ya chumba. Kuna mara ya kwanza ilikatika, ikarudiwa. Hiyo iko sawa kabisa."

Halafu akasema, polepole, mpaka nikatamani arudie ukali wake: "Hizo zingine zote zililipwa kwa mtandao, na kadi iliwekwa kwa simu ya mtu mwingine kwa ile nambari tunatuma kwa simu yako. Hiyo ni Alhamisi. Jumamosi zikatumika nambari zingine mbili, za malipo kubwa. Mama, kuna mtu alikupigia akakuambia umsomee?"

Nikafungua fundo la leso, nikalifunga tena.

"Mama? Uko hapo?"

Nikamwuliza, idara ya wasafiri, hakuna kijana anaitwa Swabir? Akasema hatuna hiyo idara. Akaniuliza kama niliandika nambari yangu mahali. Nikamwambia kwenye ukurasa wenu, chini ya tangazo, ili mnilindie kadi. Akavuta pumzi. Akasema huko ndiko hukaa wakingoja watu. Wao waliifunga kadi Jumamosi jioni baada ya kunikosa, akasema, na yaliyopita kabla ya hapo ataangalia kama kuna la kufanya, hawezi kuahidi. Akasema pole mama. Alimaanisha. Yule niliyemwita genge, ndiye aliyekuwa akinikimbilia tangu siku ya kwanza, na mimi nikamfungia mlango kwa sababu hakuniamkia. Na yule aliyeniamkia nikamsomea zote tatu kwa mdomo wangu mwenyewe, huku machozi yananilenga.

Ni mimi. Hakuna pazia. Hakuna mashine. Ni mimi!

Nimeijaribu ile nambari. Mwanangu wa Benki, hapatikani. Nimekaa nikilitazama hilo jina. Nililiandika mimi.

Nje nasikia udi umeshawashwa. Mama yake Luqman anakohoa, moshi umemwelekea. Samuel naye amekuja, nimemwona dirishani, amevaa suruali ya kazini, amekalishwa kwenye kiti kwa kuwa hajui kukaa mkekani. Majirani pia. Nani amewaita wote hawa? Mimi. Nilitaka mashahidi.

Nikisema sasa hivi, nitasema mbele yao wote. Kwamba mimi Hasina, niliyekuja na foili, nilimpa mwizi kadi yangu kwa sababu aliniuliza hali ya wa nyumbani. Kwamba nimemtoa kijana wa watu kazini. Twaiba atanitazama vipi? Na mama yake kijana, na mikono yake ya iliki?

Naweza kusema naumwa. Waahirishe. Nimpigie Samuel kesho, kimya kimya, nimwambie benki imekosea. Luqman arudi kazini, harusi ipite, hapana atakayejua. Hapana atakayejua isipokuwa –

Aliyefanya. Aliyemfungulia mlango. Anayejua akanyamaza. Maalim hakulitaja jina langu, lakini angeweza vipi kunitaja zaidi ya hapo? La pili nimeshalifanya, bila kujua. Hili la tatu nalifanya sasa hivi, kwa kujua, na kalamu mkononi.

Salimu amegonga. Dada, Maalim anataka kuanza, wewe ndiye mwenye mali, uje useme nia yako kwa mdomo wako. Nikasema navaa. Akangoja kidogo mlangoni. Akasema, kama huwezi nitakusemea mimi. Yaani kaka yangu, aliyenikataza, abebe hili kwa ulimi wake. Nikasema hapana! Usinisemee! Nimepiga kelele. Akauliza kuna nini? Nikasema navaa. Amekwenda.

Nimevaa zamani.

Maalim Issa anakohoa. Wamekaa. Dirishani naona kanzu nyeupe ya Luqman, mbele kabisa, karibu na chetezo kama alivyosema. Moshi unampiga usoni na hasogei. Amepungua mwili.

Nimeinuka. Nimekaa tena. Nimeinuka.

Maalim anauliza, tuanze? Jirani mmoja anasema tuanzeni, jua linakwenda. Twaiba anasema bado mama. Na Luqman, kwa sauti yake hiyo ya chini, nimemsikia wazi: "Tumngojeeni mama."

Wananingoja.